Shajara ya mradi: mashine ndogo ya mkanda wa msasa ya kutengeneza na kunoa visu

Lengo: kupata mashine moja ya bei nafuu itakayosaga visu vyenye ubapa usiozidi sm 15, na kunoa visu vya jikoni vilivyobutuka. Umeme ni wa fezi moja. Nafasi iliyopo ni kona ya meza, si chumba kizima.

Siku ya 1. Kuanzia kwenye mkanda

Matangazo ya mashine hizi hushindana kwa nguvu za farasi. Hilo ni la kusomwa mwisho. Mashine hununuliwa mara moja, lakini mikanda haikomi kununuliwa, na saizi ya mkanda ndiyo inayoamua kama utapata namba (ukubwa wa chembe za msasa; namba kubwa ni laini zaidi) na aina unazotaka au utabaki na msasa wa mbao peke yake. Kwa hiyo orodha ya kwanza iliyoandikwa ni ya mikanda, na mashine zikafuata.

Saizi zinazokutwa sana kwa kazi ya visu ni hizi: inchi 1 kwa 30 (mm 25×762), inchi 2 kwa 42 (mm 50×1067), inchi 4 kwa 36 (mm 100×914) na inchi 2 kwa 72 (mm 50×1829). Hiyo ya mwisho ndiyo wanayotumia watengeneza visu wengi wa kudumu, na ndiyo maana aina mpya za mikanda hutokea kwake kwanza. Chini kabisa kuna vimashine vya mkononi vyenye mkanda wa mm 19×305. Vinanoa vizuri lakini havisagi kisu kutoka bamba ghafi, basi vimetolewa mapema.

Hesabu moja ilibadilisha mawazo. Ukizidisha upana kwa urefu, mkanda wa 50×1829 na ule wa 100×914 vina eneo lile lile, kama sm² 914. Wa 50×1067 una sm² 533. Wa 25×762 una sm² 190 tu, karibu moja ya tano ya mkubwa. Mkanda mdogo ukionekana rahisi dukani, gawanya bei kwa eneo kabla ya kufurahi.

Siku ya 2. Kasi

Kasi ya mkanda ni 3.14 × kipenyo cha puli ya kuendesha × mizunguko ya mota kwa dakika. Mota ya poli mbili (ncha mbili za sumaku ndani yake) kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika, na kwenye hezi 60 kama mara 3,450. Ya poli nne huzunguka karibu nusu ya hapo. Soma kibao cha mota, usisome boksi.

Puli ya mm 100 kwa mizunguko 2,850 inatoa mita 895 kwa dakika, yaani kama mita 15 kwa sekunde. Ukiweka ya mm 150, unafika mita 22 kwa sekunde. Mota ya poli nne yenye puli ya mm 100 inakupa mita 7.5 kwa sekunde: polepole kwa kuondoa chuma kingi, nzuri sana kwa kunoa.

Urefu wa mkanda unaingia hapa pia. Kwa mita 15 kwa sekunde, kila chembe ya msasa kwenye mkanda wa mm 762 inarudi kugusa chuma mara 20 kwa sekunde. Kwenye mkanda wa mm 1829 inarudi mara 8. Chembe zinazorudi haraka hivyo hazipati muda wa kupoa, kwa hiyo mkanda mfupi huchoka mapema na kuchoma kisu mapema. Hili si kosa la kiwandani linaloweza kurekebishwa. Ni la kuishi nalo, na kila kitu kilichoandikwa huko mbele kuhusu joto kinatokana nalo.

Siku ya 4. Uamuzi

Zilibaki mashine tatu.

Mashine ya 100×914 yenye sahani ya msasa pembeni, mota ya wati 370. Mkanda ni mpana na eneo ni zuri, ila fremu inauzunguka kiasi kwamba mpini wa kisu unagonga bodi kabla ubapa haujalala. Ni mashine ya seremala. Imetolewa, ingawa sahani yake ingefaa kunyoosha vipande vya mpini.

Fremu ya 50×1829 bila mota. Ndiyo bora kuliko zote kwa kazi yenyewe, lakini inadai mota ya kilowati 1.1 hadi 1.5, na ukitaka kupunguza kasi inadai mota ya fezi tatu pamoja na inveta, kifaa cha kubadilisha hezi za umeme. Fremu ni rahisi, vinavyoizunguka si rahisi. Imewekwa kando.

Mashine ya 25×762, mota ya wati 250, puli tatu, kasi moja. Imechaguliwa. Inanoa vizuri na inatosha visu vidogo mtu asipoiharakisha. Mikanda yake pia inapatikana kuanzia namba 40 hadi msasa laini kabisa na ngozi ya kung'arishia makali.

Swali linalorudi kila mara ni kama unaweza kuifungia swichi ya kupunguzia mwanga wa taa ili ipunguze kasi. Hapana. Mota ya induksheni, kama hii, hufuata hezi za umeme. Ukiipunguzia volti inakosa nguvu, inapata moto na kuunguza waya zake huku kasi ikibaki karibu pale pale hadi inapokwama.

Siku ya 5. Ukaguzi kabla ya kulipa

Yaliyokaguliwa, kwa mpangilio wa umuhimu:

Bamba la nyuma, lile ambalo mkanda unaegemea. Rula ya chuma iliwekwa juu yake na taa nyuma. Mwanga ulipita katikati, maana yake bamba limebonyea. Mashine nyingi za bei hii huja na bati jembamba lililokunjwa, kwa hiyo halikuwa jambo la kukataa mashine, bali kazi ya kupanga.

Puli ya juu. Ilishikwa na kutikiswa mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto. Ikicheza hata kidogo, mkanda utatembea. Beringi zilisomwa namba: 2RS mwishoni ni beringi iliyozibwa kwa mpira pande zote mbili, ZZ imezibwa kwa bati. Kwenye vumbi la chuma, 2RS.

Mota. Mota iliyo wazi yenye matundu ya hewa hunyonya vumbi la chuma hadi kwenye waya. Tafuta iliyofungwa, yenye alama ya IP54 au zaidi (kiwango cha kuzuia vumbi na maji).

Kifuniko cha pembeni lazima kifunguke bila bisibisi. Mikanda itabadilishwa mara nane kwa kisu kimoja, na kifuniko chenye skrubu tatu kitaishia kuachwa wazi, jambo ambalo ni hatari.

Siku ya 7. Bamba jipya la nyuma

Hapa ndipo saa nyingi za mradi zilipokwenda, na ni halali yake: kisu hakiwezi kunyooka kuliko kitu kilicho nyuma ya mkanda.

Bati la kiwandani lilitolewa. Mahali pake kikakatwa kipande cha chuma bapa, unene mm 6, upana mm 24, urefu sawa na bati la zamani. Upana ni mm 24 na si 25 kwa makusudi, kwa sababu mkanda ukichungulia milimita moja nje ya bamba, ukingo wake unalainika na mahali mteremko (uso ulioinama kuelekea makali) unapoanzia karibu na mpini hapachimbwi mfereji. Kona za pembeni zilizungushwa kwa tupa hadi nusu kipenyo cha kama mm 1. Kichwa na mkia wa bamba vilizungushwa zaidi ili maungio ya mkanda yasigonge yanapoingia.

Sura ilinyooshwa kwenye msasa namba 120 uliolazwa juu ya kioo, kwa alama za kalamu ya wino: paka wino, sugua, angalia wino umebaki wapi, rudia. Wino ukifutika wote kwa pamoja, imekwisha.

Bolti zimezamishwa chini ya sura. Ukisahau hili, kichwa cha bolti kitakata mkanda kwa nyuma, nawe utalaumu gundi ya mkanda. Bamba lilisogezwa mbele kwa washa (vibati vya duara vya kuweka kwenye bolti) hadi likausukuma mkanda mm 1.5 kutoka kwenye mstari wake wa asili kati ya puli. Likikaa nyuma ya mstari huo, mkanda unaelea na mteremko unatoka wa mviringo. Likisogea mbele sana, linakula mgongo wa mkanda na kutengeneza joto la bure.

Chuma laini kitachimbika baada ya muda. Suluhisho la kudumu ni kubandika kigae cha kioo-seramiki kwa epoksi juu yake, kikikaa kwenye kitako kidogo cha chuma upande wa chini ili mkanda usikivute kikabanduka. Hilo halijafanyika bado.

Siku ya 8. Mkanda unaotoroka

Mkanda mpya ulikimbilia kulia na kukwangua kifuniko ndani ya sekunde mbili. Kanuni: zungusha puli kwa mkono kwanza, mashine ikiwa imechomolewa, na geuza kishikizo cha kuelekeza robo mzunguko kwa wakati. Umeme baadaye.

Kishikizo kikifika mwisho na bado mkanda unatoroka, kosa liko kwingine. Puli ya kuelekeza inatakiwa kuwa na tumbo, yaani katikati pana kuliko pembeni, kwani mkanda hupanda kuelekea kipenyo kikubwa. Hapa tumbo lilikuwepo, lakini puli ya kuendesha ilikuwa imesukumwa mm 2 ndani ya shafti. Skrubu yake ndogo ililegezwa, puli ikavutwa nje, puli zote tatu zikapangwa kwa rula moja ndefu. Kishikizo kikarudi katikati.

Mashine ikiwaka husikika mng'uruto wa haraka. Ni maungio ya mkanda yakipita kwenye bamba, mara 20 kwa sekunde. Kwenye mkanda mpya ni kawaida. Ukigeuka kuwa mgongano, zima: maungio yanaachia. Mikanda iliyokaa miaka kwenye unyevu huachia hivyo hivyo. Tundika mikanda kwenye bomba pana mahali pakavu, usiikunje.

Siku ya 10. Mikanda gani

Namba 40 au 60 kwa kuondoa chuma, 120, 220, 400, kisha ngozi. Kuruka kutoka 60 hadi 400 ni kupoteza mkanda: chembe za P60 (yaani namba 60) zina mikroni kama 269 na za P400 mikroni 35, mkwaruzo wa ya kwanza hautatoka kwa ya pili.

Kuhusu aina, ushauri unaosambaa ni kununua mikanda ya chembe za seramiki kwa kila kitu. Kwa mashine hii sikubaliani nao. Chembe ya seramiki hujinoa kwa kuvunjika, na ili ivunjike inahitaji mkandamizo na kasi. Wati 250 hazina mkandamizo huo. Ukibonyeza, mota inazama, yaani inapoteza kasi. Usipobonyeza, chembe zinang'aa kama zilizopigwa rangi na hazikati, mkanda ukiwa bado mzima. Chembe za zirkonia namba 60 kwa kazi nzito na oksidi ya alumini kuanzia 120 zinatosha. Seramiki ibaki kwa kazi ya baada ya kutia ugumu, kipande kikiwa chembamba na eneo linaloguswa likiwa dogo.

Soma pia herufi ya kitambaa. J ni laini, inapinda, inafaa kunoa mahali mkanda hauna bamba nyuma. X ni kigumu, kinafaa mteremko ulionyooka.

Siku ya 12. Kisu cha majaribio

Bamba la chuma cha kaboni 1084, unene mm 3, upana mm 25. Ukingo wa makali ulipakwa wino, kisha ikachorwa mistari miwili, kila mmoja mm 1 kutoka ubavu wake, ili kati yao ibaki mm 1. Usishuke chini ya hapo kabla ya kutia ugumu: ukingo mwembamba hujipinda, hupasuka au hupoteza kaboni kwenye moto.

Pembe ndiyo inayowapotosha wengi. Mteremko unaoanza mgongoni hadi makali kwenye bamba hili unaondoa mm 1 kwa kila upande katika kimo cha mm 25. Hiyo ni nyuzi 2.3 tu. Mtu anayetega meza kwa nyuzi 15 kwa sababu amesikia kisu kinanolewa kwa nyuzi 15 atamaliza bamba bila kupata kisu. Nyuzi 15 ni za makali ya mwisho, zile zenye upana wa chini ya milimita.

Kazi ilianza kwa mkanda uliokwisha: kona ya makali ilivunjwa kwa nyuzi 45 hadi kwenye mistari. Kona kali ya bamba jipya ingeng'oa chembe za mkanda mpya kwa pasi ya kwanza. Ndipo namba 60 mpya, kuanzia hiyo nyuzi 45 na kupanda taratibu kuelekea mgongoni kwa kuhamishia shinikizo juu. Pasi tatu upande mmoja, tatu upande wa pili. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, ubapa unapinda.

Kasoro iliyotokea: mabonde matatu kwenye ubapa. Mkanda una upana wa mm 25 na ubapa una urefu wa mm 110, hivyo kila ukisimama mkono unaacha alama. Dawa ni kuanza kusogea kabla ya kugusa na kuondoa kisu kikiwa bado kinasogea. Mabonde yaliyobaki yalitolewa kwa tupa bapa na msasa wa mkono. Tupa si aibu. Kwa mkanda wa inchi moja ni sehemu ya kifaa.

Mota ilizama mara mbili. Ikizama, ondoa kisu mara moja. Mota yenye swichi ya kuanzia ikishuka kasi sana hurudisha waya wa kuanzia kwenye umeme, na waya huo haukutengenezwa kukaa humo. Waya mrefu mwembamba wa kuongezea umeme huleta dalili hizo hizo bila kosa lolote la fundi.

Siku ya 16. Baada ya kutia ugumu

Kisu kilipashwa hadi nyuzi joto 815 za Selsiasi, kikachovywa kwenye oili, kisha kikaokwa mara mbili kwa nyuzi 200, saa mbili kila mara. Kuanzia hapa nyuzi 200 ndiyo dari. Chuma safi kikishika rangi ya majani makavu, kimefika kama 205 hadi 230. Kahawia ni kama 255, buluu ni karibu 300 na makali hapo yamelegea. Kuing'arisha rangi ile ikatoka hakurudishi ugumu. Inabidi kusaga hadi chini ya sehemu iliyoungua au kutia ugumu upya.

Njia iliyofanya kazi: mkanda mpya, mkono wepesi, pasi moja, kuchovya maji, pasi moja, kuchovya. Kisu kiende mkandani kikiwa na maji. Tone lililo karibu na makali likianza kukimbia na kukauka, toka. Vidole bila glavu husaidia, lakini vinashika mgongoni, na joto liko kwenye ukingo usiouhisi, kwa hiyo tone ndilo la kuaminiwa. Glavu za kitambaa hazivaliwi hapa hata kidogo, mkanda huzivuta pamoja na kidole.

Unene kwenye makali ulishushwa kutoka mm 1 hadi 0.4, ukipimwa kwa kalipa sehemu tatu.

Siku ya 17. Kunoa

Mkanda wa mashine hii unashuka mbele. Wakati wa kunoa makali yanaelekezwa chini, ili mkanda utoke mgongoni na kuondokea kwenye makali. Ukiyaelekeza juu, makali yaliyokwisha kunoleka yanauchana mkanda au yanashikwa na kisu kinarushwa. Kwa mkanda wa ngozi hakuna mjadala.

Pembe ya nyuzi 15 ilipatikana bila kifaa: kwa ubapa wa mm 20, mgongo uwe mm 5.2 mbali na mkanda. Kwa ubapa wa mm 30, mm 7.8. Kipande cha mbao cha unene huo kikishikiliwa mara moja kati ya mgongo na mkanda uliosimama kinaufundisha mkono.

Kazi ilifanyika sehemu ya mkanda iliyo juu kupita bamba, mahali mkanda hauna kitu nyuma. Mkanda wa J namba 220, pasi mbili kila upande, hadi ukingo mwembamba wa chuma kilichojikunja ukwaruze kidole upande wa pili kutoka mwanzo wa makali hadi nchani. Kisha 400, kisha ngozi yenye dawa ya kijani ya kung'arishia. Kwenye ncha, simama kabla ncha haijavuka ukingo wa mkanda. Ikivuka huku umeibonyeza, inazungushwa na kuwa duara.

Kasi moja ya mita 15 kwa sekunde ni kubwa mno kwa 400 na ngozi. Hila inayosaidia: washa, zima, na fanya pasi mkanda ukiwa unapungua wenyewe. Pasi mbili kwa kila mzunguko wa swichi. Inachosha, lakini hakuna kisu kilichoshika rangi.

Siku ya 19. Vumbi

Beseni la bati lenye maji limewekwa chini ya mkanda, cheche zinazimikia humo. Mfuko wa kunyonyea vumbi umeondolewa kabisa, kwa sababu mpini wa mbao ulisagwa mashine hiyo hiyo na vumbi la mbao likipokea cheche za chuma huwaka polepole, mara nyingi baada ya mtu kuondoka. Alumini haisagwi hapa: vumbi lake likichanganyika na la chuma chenye kutu huungua kwa moto usiozimika kwa maji. Barakoa ni ya kuchuja vumbi, FFP2 au FFP3, miwani iliyofunga pembeni, na vizibo vya masikio.

Siku ya 23. Hali

Visu vitatu vidogo vimesagwa, kumi na moja vya jikoni vimenolewa. Mikanda iliyokwisha: minne ya namba 60, miwili ya 120, mmoja wa 220. Mmoja wa 400 ulichanwa na ncha ya kisu, kosa la mkono. Kisu cha kwanza kina bonde dogo upande wa kushoto linaloonekana ukikiinamisha kwenye mwanga, na limeachwa.

Kinachofuata: kubandika kigae kwenye bamba, kubadilisha beringi ya puli ya juu ambayo imeanza kulia, na kutafuta mota chakavu ya poli nne kwa ajili ya fremu ya pili itakayobaki na 400 na ngozi tu.